Shawa ya Stima Chaka: Pesa ya Waya Iende Wapi?

Baridi ya mji wa Chaka humfanya anayejenga nyumba, ya kuishi au ya kupangisha, afikirie shawa ya stima mapema. Wengi huuliza bei ya shawa na bei ya kebo. Wachache huuliza waya utafungwaje kwenye skrubu, na hatari iko hapo.

Shawa ya kilowati 5 kwenye volti 240 huvuta ampea 21 hivi. Skrubu ikilegea na kuleta ukinzani wa omu 0.1 tu, wati 44 za joto huzaliwa ndani ya kijisanduku cha plastiki. Sakiti breka haikati, kwa kuwa mkondo haujazidi. Kwa hiyo linganisha kwanza njia za kufunga waya.

Kukaza moja kwa moja. Hakuna gharama ya ziada. Waya mgumu wa uzi mmoja, wa milimita mraba 1.5 kwa taa au 2.5 kwa soketi, unatosha hivyo. Ukiwa mwembamba kwa tundu, kunja ncha yake mara mbili.

Feruli. Waya laini wa nyuzi nyingi hutawanyika chini ya skrubu, na nyuzi nyingine hukatika. Feruli, kijibomba cha shaba, huzishika pamoja. Yenyewe ni shilingi chache. Ghali ni koleo la kuibana. Mwenye nyumba moja asilinunue, atafute fundi aliye nalo. Fundi wa kila siku, koleo hilo litamrudishia pesa yake.

Kuchovya ncha kwenye risasi. Hupendeza macho, lakini risasi hubonyea polepole na skrubu hulegea. Usilipie kazi hiyo.

Konekta. Za ukanda wenye skrubu ni rahisi. Za kubana kwa springi ni ghali zaidi, lakini hazitegemei nguvu ya mkono. Zote mbili, soma ampea zilizoandikwa. Kwa shawa, kiungo bora ni kile kisichokuwapo: vuta kebo nzima, bila kuunga, kutoka kwenye breka hadi kwenye swichi yake.

Bajeti ikibana, acha swichi za urembo kabla ya kupunguza unene wa kebo au kumwacha fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati na petroli. Na kabla ya kumlipa, azime swichi kuu na avute kila waya mbele yako. Unaochomoka, aufunge upya.