Fahamu: Kifundo bandia cha mguu hupimwaje mtu anapotembea?

Kifundo bandia ni kiungo cha chuma na plastiki kinachowekwa kwa upasuaji pale gegedu ya kifundo inapolika, mara nyingi baada ya jeraha la zamani au kwa baridi yabisi. Chuma kimoja hukaa chini ya mfupa wa muundi, kingine juu ya talasi, mfupa mdogo ulio juu ya kisigino. Plastiki huwa katikati. Katika aina ya STAR, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2009, plastiki hiyo huteleza.

Kwa nini kamera hazitoshi

Kwenye maabara za mwendo, mtu hubandikwa vialama vinavyoakisi mwanga, kamera zikamfuata. Lakini ngozi husogea juu ya mfupa, na talasi imejificha kiasi kwamba hakuna pa kubandika. Mwendo wa kifundo huishia kuchanganywa na wa kiungo kilicho chini yake.

Eksirei ya video

Njia hii ndiyo ya kuaminika zaidi. Mgonjwa hupiga hatua mbele ya mashine, kisha kompyuta hulinganisha kivuli cha chuma na umbo lake halisi la pande tatu, picha kwa picha. Plastiki haionekani vizuri, hivyo mahali pake hukadiriwa. Kuna mionzi pia, na eneo la picha ni dogo: hatua moja, basi.

Kinachotafutwa

Kifundo kinakunja nyuzi ngapi, na je, uzito unaelemea upande mmoja wa plastiki? Upande huo waweza kulika mapema.