Boma Lilipofungua Mlango

Tukiingia jumba la makumbusho, wengi wetu macho hukimbilia vitu vilivyopangwa ndani: ngoma, mkuki, kikapu, picha ya mwami, yaani mfalme. Ukuta unaovihifadhi hatuutazami. Kwa sisi tunaoshughulika na majengo ya kale hapo ndipo ziara inapoharibika, hasa kama jengo ni la enzi ya ukoloni. Jengo la aina hiyo lilifanya kazi nyingine kabla ya kuwa nyumba ya utamaduni, na asiyeijua kazi hiyo atatoka ameona nusu tu.

Tuanze na neno letu wenyewe. Katika Kiswahili boma ni uzio: wa miti, wa miiba au wa mawe, unaozunguka mji au zizi. Wajerumani walipojenga vituo vyao vya utawala katika Afrika Mashariki walilichukua neno hilo, na mpaka leo Mtanzania akikuambia anakwenda bomani huenda ana shughuli katika ofisi ya serikali. Burundi nayo iliona maboma. Baada ya Mwami Mwezi Gisabo kulazimishwa kukubali utawala wa Kijerumani kwa mkataba wa Kiganda mwaka 1903, wageni waliendelea kukaa Usumbura, kando ya ziwa, mbali na milima ambako mwami na baganwa, wakuu wa ukoo wa kifalme, walishika nchi. Mwaka 1912 wakahamishia makao yao Gitega, katikati ya milima ile. Miaka minne baadaye Wabelgiji wakawaondoa. Bendera ilibadilika, lakini kazi ya ofisi ya mkoloni ikabaki ileile: kodi, hukumu na amri.

Kazi hiyo inasomeka katika umbo la majengo. Boma la Kijerumani, popote ulionapo katika ukanda huu, kwa kawaida lina kuta nene, madirisha machache upande wa nje, ua ndani, na mlango mmoja mkubwa. Kuta nene huzuia joto la mchana na pia huzuia risasi. Mlango mmoja hurahisisha ulinzi, na humfanya kila anayeingia aonekane na kuhesabiwa. Mahali penyewe huwa juu, ili aliye ndani aone mbali, na walio mbali wajue kwamba wanaonekana.

Kwa hiyo ukifika kwenye jengo kama hilo, usiingie kwanza. Lizunguke ukiwa na maswali matatu. Nani aliagiza lijengwe? Nani alibeba matofali? Nani aliruhusiwa kupita mlango huu, na nani alisubiri juani? Maswali hayo yanatosha kwa ngome ya pwani na kwa nyumba ya mtu mmoja vilevile. Fort Jesus ya Mombasa, iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, wageni huisifu kwa mawe yake ya matumbawe na mizinga yake. Wachache hukumbuka kwamba Waingereza waliifanya gereza tangu 1895 hadi 1958. Mtu aliyefungwa humo hakupata nafasi ya kusifu mawe.

Mfano ulio karibu zaidi nasi uko Kigali. Richard Kandt, daktari Mjerumani aliyekuja kutafuta chanzo cha Nile, alianzisha kituo cha Kigali mwaka 1907 akiwa mwakilishi wa utawala wa Kijerumani nchini Rwanda. Nyumba inayohusishwa naye pale Nyarugenge ilifanywa makumbusho, na kwa miaka kadhaa ilionyesha historia ya asili: wanyama, miamba, madini. Mgeni aliweza kuingia akatoka amejifunza habari za mamba, asiambiwe sana kuhusu utawala uliokuwa na makao hapo. Mwaka 2017 nyumba ilipewa rasmi jina la Makumbusho ya Nyumba ya Kandt, na maonyesho yake yakaeleza maisha ya Wanyarwanda kabla ya ukoloni, kipindi cha Wajerumani, na kukua kwa mji wa Kigali. Kwangu hayo ndiyo mageuzi yenyewe. Kuta na paa zilikuwepo. Kilichoongezeka ni kwamba nyumba ilianza kujieleza.

Kujieleza, hata hivyo, kunahitaji jengo lisimame. Majengo mengi ya zamani yalijengwa kwa mawe au matofali laini, yakaunganishwa kwa udongo au chokaa. Ukuta wa namna hiyo hupumua: unyevu huingia na kutoka. Fundi wa leo akiona ufa huuziba kwa saruji, maana saruji ni ngumu na inapatikana kila duka. Lakini saruji huzuia unyevu usitoke. Maji hujikusanya nyuma yake, tofali likalainika na kumeguka, na baada ya mvua za miaka michache plasta ngumu inabaki imefunika ukuta uliooza. Ndiyo maana wataalamu husisitiza chokaa kwenye jengo lililozaliwa na chokaa. Afrika Mashariki imekwisha kuona gharama ya jumba la kale kudhoofika. Beit al-Ajaib ya Zanzibar, iliyojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, ikawa ofisi ya serikali wakati wa Waingereza na baadaye makumbusho, iliporomoka kwa sehemu tarehe 25 Desemba 2020 ikiwa katika ukarabati, na watu wawili wakapoteza maisha.

Turudi Gitega. Makumbusho ya Taifa yalianzishwa hapo mwaka 1955, Wabelgiji wakiwa bado watawala na Mwami Mwambutsa akiwa bado kwenye kiti chake. Vilikusanywa vyombo vya kazi za watu na vitu vya ikulu. Fikiria maana yake: utawala uliopunguza nguvu za mwami ndio ulioanzisha nyumba ya kutunza kumbukumbu zake. Mwaka 1962 uhuru ukaja, mwaka 1966 ufalme ukafutwa, na vitu vilevile vikawa urithi wa jamhuri. Mwanafunzi anayesimama leo mbele ya ngoma pale aambiwe hilo pia. Kisha apelekwe Gishora, karibu na mji, ambako ngoma hupigwa na watu walio hai, ili ajue kwamba kilichowekwa makumbusho hakikufa.

Na sisi wa Muyinga, hapa Burundi? Tunayo nyumba ya kutufundisha kwa njia nyingine. Maktaba ya Muyinga, iliyojengwa mwaka 2012 na wasanifu wa BC Architects kutoka Ubelgiji pamoja na watu wa hapa, ikiwa sehemu ya mpango wa shule ya watoto viziwi, haikurithi chochote cha boma. Kuta ni matofali ya udongo ulioshindiliwa. Paa ni vigae vya udongo uliochomwa. Kuta zina matundu ya kupitisha hewa, na juu ndani umetandazwa wavu mkubwa wa kamba za katani ambao mtoto hulalia akisoma. La maana kuliko yote ni baraza ndefu inayoenda sambamba na jengo, ambako mtu hujikinga jua na mvua bila kuomba ruhusa ya kuingia. Wageni wametoka Ubelgiji tena, ila safari hii walianza kwa kuuliza watu wa hapa hujengaje.

Nikiliweka jengo hilo kando ya boma, naona kipimo tunachohitaji. Boma lina mlango mmoja wa kuhesabia watu. Maktaba ina baraza ya kuwapokea. Jengo la kikoloni linalogeuzwa nyumba ya utamaduni haitoshi kulipaka rangi na kulibandika kibao. Lazima litafutiwe baraza: mahali pa kukaa bure, maelezo kwa lugha ya wenyeji, saa za kufunguliwa zinazomfaa mkulima na mwanafunzi, na simulizi inayowataja waliobeba matofali.

Hilo linawezekana, na ushahidi tunao kinywani. Kiswahili kiliingia nchi hii kwa misafara ya wafanyabiashara kutoka pwani, kisha kwa askari wa Wajerumani waliokitumia kutoa amri bomani. Leo ndicho tunachopatania bei sokoni, tunachosalimiana nacho na jirani wa Tanzania pale mpakani Kobero, na tunachobembelezea watoto katika nyumba nyingi za mijini. Hakuna aliyekivunja ili kukisafisha. Watu walikaa ndani yake, wakafungua madirisha, kikawa chao.