Wanawake Wakicheza Mpira, Nani Hutazama?

Ndugu msomaji, huenda umewahi kusikia maneno haya: "Mpira wa wanawake hauna watu." Msemaji hutazama kiwanja, huona watoto wachache na mbuzi wawili, kisha husema, "Mnaona? Hakuna anayetaka kuwatazama."

Mwaka juzi niliyasikia maneno hayo katika kijiji kimoja cha wilaya ya Ikungi. Yalisemwa kwenye mkutano wa kijiji, wala hayakuwa mzaha. Watu walikuwa wanapanga siku za kutumia kiwanja, na fedha za kununulia mipira. Timu ya wasichana ilikuwa karibu kunyimwa vyote viwili. Sababu iliyotolewa ilikuwa uchache wa watazamaji.

Je, ni kweli kwamba watu hawapendi kuwatazama wanawake wakicheza? Au kuna jambo jingine linalowazuia wasifike? Tuanze mbali, halafu tutarudi Ikungi.

Watu 53,000

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza wanaume wengi wa Uingereza walikwenda vitani. Wanawake waliingia viwandani kutengeneza silaha. Katika mji wa Preston kulikuwa na kiwanda kilichoitwa Dick, Kerr. Wanawake waliofanya kazi katika kiwanda hicho waliunda timu ya mpira. Walicheza ili kupata fedha za kuwasaidia askari waliojeruhiwa.

Tarehe 26 Desemba, 1920, timu hiyo ilicheza na wanawake wa St Helens. Mechi ilikuwa katika uwanja wa Goodison Park, mjini Liverpool. Watu 53,000 waliingia uwanjani. Maelfu wengine walibaki nje kwa sababu nafasi ilikwisha. Viingilio vilizidi pauni 3,000, na wakati ule hizo zilikuwa fedha nyingi sana.

Tujaribu kuiona hesabu hiyo. Tuseme basi moja la kwenda Dar es Salaam lina viti 60. Gawa 53,000 kwa 60. Utapata mabasi 883 yaliyojaa, na watu 20 watabaki kituoni.

Sasa sikia yaliyofuata. Tarehe 5 Desemba, 1921, haujatimia hata mwaka mmoja, Chama cha Mpira cha Uingereza kilitoa amri. Vilabu vyote vya chama hicho vilikatazwa kuwapa wanawake viwanja vyao. Chama kilisema mchezo huo hauwafai wanawake. Kilisema pia kwamba sehemu kubwa mno ya viingilio inatumika kwa gharama, badala ya kuwafikia wenye shida. Amri hiyo ilidumu karibu miaka 50.

Wanawake hawakuacha kucheza. Lakini sasa walicheza katika viwanja vya wazi, mahali pasipo majukwaa. Jukwaa ni mahali palipojengwa ili watu wakae au wasimame na kutazama. Pasipo jukwaa, watu 53,000 watakaa wapi? Nani atawauzia tiketi? Watazamaji wakapungua, na fedha zikapungua.

Hapa ndipo penye kiini cha habari yetu. Mtoto aliyezaliwa Uingereza mwaka 1930 alikua akiona wanawake wachache wakicheza mbele ya watu wachache. Aliamini kwamba ndivyo ilivyokuwa tangu zamani. Wengi wa rika lake hawakusimuliwa kwamba palikuwa na watu wengi, na kwamba mlango ulifungwa.

Mlango ukifunguliwa

Mwaka 1971 yalifanyika mashindano ya wanawake nchini Mexico. FIFA, yaani Shirikisho la Mpira la Dunia, halikuyatambua. Lakini wenye mashindano waliyatangaza kwa nguvu, tena waliweka mechi katika uwanja mkubwa wa Azteca, katika mji mkuu. Mechi ya mwisho ilikuwa kati ya Denmark na Mexico. Inakadiriwa kwamba watu 110,000 walikuwamo. Kukadiria ni kutaja hesabu iliyo karibu na kweli, bila kuhesabu mtu mmoja mmoja. Denmark ilishinda 3-0. Mabao yote matatu yalifungwa na Susanne Augustesen, msichana wa miaka 15.

FIFA yenyewe ilianzisha Kombe la Dunia la wanawake mwaka 1991, nchini China. Hiyo ni miaka 20 baada ya umati ule wa Azteca.

Tuje karibu zaidi na siku zetu. Hispania kuna timu ya Barcelona. Timu ya wanawake ya Barcelona ilizoea kucheza katika uwanja mdogo wenye viti 6,000 hivi. Tarehe 22 Aprili, 2022, ilipewa uwanja mkubwa wa Camp Nou ili icheze na Wolfsburg ya Ujerumani. Walioingia walikuwa 91,648. Fikiri juu ya jambo hili. Wachezaji ni walewale, na mji ni uleule. Katika uwanja mdogo, hata watu wote wa mji wangependa kuja, wasingeweza kuzidi 6,000.

Usidhani kwamba uwanja mkubwa peke yake unatosha. Nchini Uingereza, Februari 2024, wanawake wa Arsenal walicheza na Manchester United mbele ya watu 60,160. Lakini katika msimu wa 2024/25 wastani wa watazamaji katika ligi ya wanawake ya huko ulishuka. Watu hupanda na kushuka kama bei ya vitunguu. Wakati wa mashindano makubwa kila mtu huzungumza habari za mpira. Mashindano yakipita, watu hurudi kwenye shughuli zao. Neno "wastani" nitalieleza baadaye kidogo.

Afrika na Tanzania

Barani Afrika pia watu wamejaa viwanjani. Mwaka 2022 Morocco iliandaa Kombe la Mataifa ya Afrika kwa wanawake. Katika nusu fainali ya Morocco na Nigeria, mjini Rabat, waliingia watu zaidi ya 45,000. Afrika Kusini ndiyo iliyotwaa kombe, kwa kuifunga Morocco 2-1.

Timu yetu ya taifa ya wanawake, Twiga Stars, ilicheza mashindano hayo ya Afrika mwaka 2010 huko Afrika Kusini. Ilikaa miaka 15 kabla ya kurudi. Ilirudi Julai 2025, huko Morocco, na ikatoka sare 1-1 na Afrika Kusini iliyokuwa imeshika kombe. Dada zao wadogo, Serengeti Girls, walifika robo fainali ya Kombe la Dunia la wasichana mwaka 2022 nchini India. Njiani waliifunga Ufaransa 2-1.

Vilabu navyo vipo. Ligi Kuu ya Wanawake ilianza msimu wa 2016/17, na bingwa wa kwanza alikuwa Mlandizi Queens kutoka Pwani. Mwaka 2022 Simba Queens ilifika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Afrika. Wachezaji wanao uwezo. Lakini mechi zao nyingi huchezwa katika viwanja vidogo, ilhali Uwanja wa Benjamin Mkapa wa Dar es Salaam una nafasi ya watu 60,000. Hayo ni mabasi yetu 1,000.

Nasi wa Singida tunao Uwanja wa Liti, ambao zamani uliitwa Namfua. Liti alikuwa mwanamke wa Kinyaturu aliyewapinga Wajerumani. Wazee husimulia kwamba aliwapiga kwa nyuki. Basi kila tunapokwenda pale kutazama wanaume wakicheza, tunalitaja jina la mwanamke. Mimi hucheka kidogo moyoni ninapolifikiri hilo.

Turudi Ikungi

Mkutanoni, mzee mmoja alikuwa ameeleza kwamba mechi ya wasichana ilitazamwa na watu 41. Mama mmoja wa darasa letu la elimu ya watu wazima alinyosha mkono.

"Mwenyekiti, naomba kuuliza. Mechi hiyo ilianza saa ngapi?"

"Saa kumi na moja na nusu, mama. Baada ya wavulana kumaliza."

"Na saa hiyo sisi akina mama tuko wapi?"

Watu wakanyamaza. Kila mtu alijua kwamba saa hiyo akina mama wako kisimani, au jikoni. Isitoshe, giza liliingia kabla mechi haijaisha. Tena hakuna mtu aliyetangaza. Mbiu ya mechi ya wavulana ilipigwa siku mbili mbele.

Mkutano ulikubali kujaribu tena. Mechi ya pili iliwekwa siku ya mnada, saa tisa alasiri. Mgambo aliitangaza pamoja na mambo mengine ya kijiji. Wanadarasa walipewa kazi ya kuhesabu. Kiwanja kile hakina lango, lakini kina njia mbili. Kila njia alikaa mtu mwenye kopo na punje za mahindi. Akipita mtu mmoja, punje moja inaingia koponi. Jioni tulizimwaga mezani tukazihesabu mara mbili. Kopo la kwanza lilikuwa na punje 214. Kopo la pili lilikuwa na punje 173. Jumla ni 387.

Wiki mbili baadaye ilichezwa mechi ya tatu, Jumamosi ya kawaida, saa ileile ya tisa. Safari hii tulipata punje 97 tu. Wengine walisikitika. Sikuona sababu ya kusikitika, maana siku ya mnada ni siku ya mnada.

Sasa tueleze wastani. Jumlisha mechi zote tatu: 41, 387 na 97. Utapata 525. Gawa kwa 3, kwa kuwa mechi ni tatu. Utapata 175. Huo ndio wastani. Lakini angalia, hakuna hata siku moja ambayo walikuja watu 175. Kwa hiyo mtu akikutajia wastani, au akikutajia siku moja tu aliyoichagua mwenyewe, muulize: mechi zilikuwa ngapi? Zilichezwa saa ngapi? Nani alitangaza? Maswali hayo yanafaa Ikungi, na yangefaa Liverpool mwaka 1921.

Mkutano uliofuata uliwapa wasichana Jumatano na Jumamosi, saa tisa. Walipewa pia mpira mmoja mpya. Mmoja wa wanadarasa, aliyejifunza kuandika akiwa na miaka 52, ndiye aliyeandika ratiba iliyobandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji.

Yule mzee aliyesema hakuna watu hakubisha. Siku ya mnada naye alikuja kiwanjani, kwa njia ya upande wa kisima. Punje yake imo katika zile 173.