Kazi ya DevOps: fundi anajulikana siku seva inapoanguka

Tarehe 4 mwezi wa kumi 2021, WhatsApp, Facebook na Instagram zilizimika duniani kote kwa muda wa karibu saa sita. Mashariki mwa Congo, ambako WhatsApp ni ofisi ya wafanyabiashara wengi, ujumbe ulikwama tangu jioni. Wengi walidhani ni wezi wa mtandao, na wengine walidhani ni serikali imekata intaneti.

Haikuwa hivyo. Kampuni yenyewe ilieleza kwamba chanzo kilikuwa agizo moja lililotolewa wakati wa matengenezo ya kawaida. Agizo hilo lilikata njia zote zinazounganisha vituo vyake vya kompyuta. Kulikuwa na programu iliyowekwa kuzuia maagizo ya hatari kama hilo, lakini nayo ilikuwa na kasoro, na agizo likapita.

Kazi ya kuepusha siku kama hiyo, na ya kuinua seva inapokuwa imeanguka, ndiyo vijana wengi wa informatike huko Bukavu, Goma, Bunia na Lubumbashi wanaisikia leo kwa jina la DevOps. Jina hilo lilienea tangu mwaka 2009, baada ya mkutano ulioitishwa na Patrick Debois katika mji wa Ghent, Ubelgiji. Wazo lake ni rahisi. Wanaoandika programu na wanaolinda seva wasiwe makundi mawili yanayotupiana lawama. Wafanye kazi moja, na wajibu pamoja.

Kwetu jambo hili si la makampuni makubwa ya ng'ambo pekee. Benki za Goma zilipofunga milango mwanzoni mwa mwaka 2025, wakaaji wengi walitegemea pesa za kwenye simu ili kununua unga au kulipa dawa. Seva ikianguka, mama aliye sokoni ana makuta kwenye simu lakini hawezi kuyagusa. Ndiyo maana swali la namna gani fundi anafanya kazi yake kila siku linatuhusu sote.

Vijana wengi wanaanza kwa kukimbilia majina ya vyombo: Docker, Kubernetes, Ansible, Terraform. Vyombo hivyo vina faida, lakini vinabadilika kila mwaka. Kinachobaki ni desturi za kazi. Matukio mawili yanayojulikana sana katika ufundi huu yanazionyesha wazi.

Badilisha kidogo, na mwenzako akague

Tarehe 1 mwezi wa nane 2012, Knight Capital, kampuni ya Marekani iliyonunua na kuuza hisa kwa kompyuta, ilianza kutumia programu mpya. Ilipaswa kuwekwa kwenye seva 8. Fundi aliiweka kwenye 7, na ya nane ikabaki na programu ya zamani. Hakuna mtu wa pili aliyekagua kazi yake, wala hakukuwa na mwongozo ulioandikwa wa kumlazimisha mtu kukagua. Soko lilipofunguliwa, ile seva ya nane ilianza kutuma maagizo bila kusimama. Katika dakika 45 kampuni ilipoteza zaidi ya dola milioni 400, na haikuweza tena kusimama peke yake.

Dawa yake haina gharama kubwa. Kwanza, kazi inayorudiwa isifanywe kwa mkono kila mara: iandikwe katika skripti, ili seva ya nane ipate kile kile ilichopata ya kwanza. Pili, mwenzako asome badiliko kabla halijaingia. Tatu, mabadiliko yawe madogo. Mwaka 2009, John Allspaw na Paul Hammond wa Flickr walishangaza mafundi wenzao waliposema kwamba wao huweka mabadiliko zaidi ya mara kumi kwa siku. Wengi waliona ni hatari. Lakini badiliko dogo likiharibu kitu, unajua mara moja ni lipi, na unalirudisha nyuma haraka. Ukikusanya mabadiliko ya miezi mitatu na kuyaweka usiku mmoja, utatafuta kosa hadi asubuhi.

Akiba ambayo haijajaribiwa si akiba

Usiku wa tarehe 31 mwezi wa kwanza 2017, fundi mmoja wa GitLab, kampuni inayohifadhi kazi za waandishi wa programu, alikuwa amechoka akitengeneza hitilafu. Alitaka kufuta data kwenye seva ya pili. Kumbe alikuwa ameingia kwenye seva kuu. Alisimamisha agizo baada ya sekunde chache, lakini kati ya gigabaiti karibu 300 zilibaki 4.5.

Kilichofuata ndicho kilitisha zaidi. Kampuni ilikuwa na njia kadhaa za kuweka nakala za akiba, na karibu zote hazikufanya kazi. Njia moja ilikuwa imekwama kwa muda bila mtu kujua. Waliokolewa na nakala ambayo fundi yuleyule aliichukua kwa mkono saa sita kabla, kwa sababu nyingine kabisa.

Desturi ya kushika hapa ni hii: usiseme una akiba hadi umeirudisha kwenye masini nyingine na kuona inafunguka. Weka siku moja kila mwezi kwa zoezi hilo. Na akiba isikae nyumba moja na data yenyewe. Mtu wa Goma hahitaji kuelezwa sana: tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji. Ofisi iliyoweka nakala zake kwenye kabati la chumba kilekile ilipoteza vyote pamoja.

Kengele isiyosikilizwa

Matukio haya mawili yana jambo moja linalofanana. Kabla soko halijafunguliwa asubuhi ile, kompyuta za Knight Capital zilikuwa zimetuma barua pepe 97 kwa wafanyakazi zikitaja kosa. Hakuna aliyezifuatilia. Kule GitLab, barua za kuonya kwamba akiba imekwama zilikataliwa njiani, hazikufika kwa mtu.

Fundi mzuri anachagua kengele chache, anahakikisha zinafika kwa mtu mwenye jina, na anazima zile zinazolia bure. Kengele zikilia mia moja kwa siku, watu wanazizoea kama kelele za jirani.

Uliza «namna gani», si «nani»

GitLab ilifanya jambo ambalo makampuni mengi yanaogopa. Iliandika maelezo ya tukio hadharani wakati mafundi bado wanahangaika, kisha ikatoa ripoti ndefu bila kumtaja fundi kwa jina. Swali halikuwa nani wa kufukuza. Swali lilikuwa: kwa nini seva mbili zilifanana kiasi cha mtu aliyechoka kuzichanganya, na kwa nini hakuna aliyejua kwamba akiba imekufa?

Hapa kwetu mara nyingi mkubwa akisikia seva imeanguka, neno lake la kwanza ni «Nani alifanya?» Matokeo yake, kijana aliyekosea ananyamaza kwa saa mbili akijaribu kuficha, na zile saa mbili ndizo zingeokoa data. Anayeongoza mafundi akitaka kuambiwa ukweli mapema, asimwadhibu anayeuleta.

Baada ya kila tukio, andikeni ukurasa mmoja: nini kilitokea, saa ngapi, nani aliathirika, nini kitabadilishwa na kabla ya tarehe gani. Fundi anayeweka kila kitu kichwani mwake ni hatari kwa kampuni, hata kama ni hodari. Siku akiugua malaria, kazi yote inaugua naye.

Kuanza na kile ulicho nacho

Mega ni ghali, na umeme unakatika. Hata hivyo, mengi ya desturi hizi hayahitaji intaneti ya kila saa. Linux inafanya kazi vizuri kwenye kompyuta ya zamani, na mwongozo wa maagizo yake uko ndani yake. Git, programu ya kutunza historia ya mabadiliko ambayo Linus Torvalds aliianzisha mwaka 2005, inarekodi kazi yako bila mtandao. Unaituma siku ukipata mega.

Hata umeme unaokatika unaweza kuwa mwalimu. Chukua kompyuta isiyo na data ya thamani, weka juu yake programu mbili au tatu zinazofanya kazi kama seva, kisha ikate umeme ghafula. Ukiiwasha tena, usiguse kitu. Hesabu ni programu ngapi zimeamka zenyewe. Ile iliyobaki imelala ndiyo somo lako la juma hilo.