Kingereza ku kazi: kuomba si «demand»

Jirani mumoja wa hapa Buluo alifiwa na mama-mukwe. Akaandikia shefu wake, mugeni asiyejua Kifaransa: «I demand three days.» Yeye aliona ameandika kwa heshima, kama vile tunasema «je demande». Shefu akasoma, uso ukabadilika. Konje hakupata. Mazishi ilifanyika bila yeye.

Kosa iko wapi? «Demander» ya Kifaransa ni kuomba. «Demand» ya Kingereza ni kudai kwa nguvu, kama mutu anayepiga meza. Angeandika hivi: «May I have three days off, please? My mother-in-law has died.» Mukate hii sentensi, muiweke mu mufuko wa koti.

Ingine iko hatari zaidi. «You must not enter» maana yake usiingie, ni marufuku. «You don't have to enter» ni kitu kingine kabisa: haulazimishwe kuingia, lakini ukitaka, ingia. Sisi tunafikiri mu Kifaransa, «tu ne dois pas», njo tunachanganya. Mbele ya shimo lenye baruti, ile tofauti si mambo ya masomo tu. Kama haukusikia muzuri, uliza: «Can I go in, yes or no?» Hakuna haya.

«He» na «she» vilevile. Mu Kiswahili «anagonjwa» ni ya mwanaume na ya mwanamuke. Ukisema «he is sick» juu ya bibi yako, munganga atatafuta mwanaume. Na miaka: «I am forty», si «I have forty».

Tusiogope lakini. Kingereza si mugeni wa jana mu Katanga. Reli ya kutoka kusini, inchi za Waingereza, ilifika Lubumbashi mu 1910, na bulangeti tunayojifunika usiku ni neno lao. Leo makamyo ya shaba yanapita Kasumbalesa kuingia Zambia, na kule makaratasi ni ya Kingereza. Tangu 2022 Kongo iko pia ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Jirani yetu sasa anasoma kitabu cha mwana wake wa sekondari, mbele ya kwenda ekipi ya usiku. Barua yake ya pili alimusomea bibi yake kwanza. Bibi, ambaye hajui Kingereza hata kidogo, akamuuliza: «Na ile ‹please› iko wapi?»