Ardhi ya Kijiji Iingie Kwenye Katiba

Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, lina urefu wa kilomita 1,443, na kati ya hizo kilomita 1,147 ziko Tanzania. Kabla ya kufika Chongoleani, Tanga, linapita Kilindi, Handeni, Korogwe na Muheza. Mradi wa aina hiyo unapofika kijijini, mtu wa kwanza kuonekana shambani ni mthamini. Huhesabu michungwa na mikorosho, hupima nyumba, huandika idadi ya makaburi, kisha mwenye shamba hutia saini na kungoja fidia.

Wengi hutazama tarakimu ya mwisho kwenye fomu. Nawaelewa, maana ndiyo itakayonunua shamba jingine. Lakini kuna swali linalotangulia fedha: aliyeingia shambani na kalamu ameingia kwa idhini ya nani, na asipolipa atabanwa na nini? Ukilifuata swali hilo utapita kwenye Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Utwaaji Ardhi ya mwaka 1967, na mwishowe utafika kwenye ibara ya 24 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977. Ibara hiyo inampa kila mtu haki ya kumiliki mali, na inakataza asinyang'anywe mali hiyo bila sheria inayoweka masharti ya fidia inayostahili.

Katiba yetu ina sura 10 na ibara 152. Sehemu kubwa inaeleza vyombo vya dola: Rais na serikali yake, Bunge, mahakama, mamlaka za Zanzibar, fedha za umma na majeshi. Inasema nani apewe madaraka, ayapate kwa njia gani na yaishie wapi. Ndani ya maelezo hayo yamo mambo yanayomgusa mkulima wa Kabuku wilayani Handeni au Magoma wilayani Korogwe moja kwa moja. Ibara ya 8 inatamka kwamba serikali inapata madaraka yake yote kutoka kwa wananchi. Ibara ya 138 inakataza kodi ya aina yoyote isiyotokana na sheria, na kwa hiyo anayezuia gunia la mahindi kwenye kizuizi cha ushuru lazima awe na sheria nyuma yake. Ibara ya 145 na 146 zinaweka serikali za mitaa, na zinasema lengo lake ni kupeleka madaraka kwa wananchi.

Haki za raia, kuanzia ibara ya 12 hadi ya 24, hazikuwamo tangu mwanzo. Katiba ya 1977 ilipotungwa ilizitaja kwenye utangulizi tu, mahali ambapo raia hawezi kuzishikilia mahakamani. Ziliingizwa katika mwili wa Katiba kwa mabadiliko ya mwaka 1984, na mahakama zikaanza kuzisimamia mwaka 1988. Hazikuchukua muda mrefu kabla ya kupimwa na suala la ardhi.

Wakati wa Operesheni Vijiji, miaka ya 1970, maelfu ya familia zilihamishwa kutoka mashamba yao ya mila kwenda kwenye vijiji vipya. Huko Mbulumbulu, mkoani Arusha, Lohay Akonaay na mwanawe Joseph walidai mahakamani shamba walilolipoteza kwa njia hiyo, wakashinda. Mwaka 1992 Bunge lilitunga sheria iliyofuta haki za kimila katika vijiji vilivyoanzishwa na operesheni ile, na kufunga mlango wa mahakama kwa waliokuwa wakidai. Baba na mwana hawakurudi nyumbani kimya. Walikwenda Mahakama Kuu kupinga sheria yenyewe, shauri likafika Mahakama ya Rufani, na mwaka 1994 mahakama hiyo, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliamua kwamba haki ya ardhi ya kimila ni mali inayolindwa na ibara ya 24. Iliongeza kwamba fidia inayostahili haiishii kwenye majengo na mazao yaliyo juu ya ardhi. Hata jasho la mtu aliyeifyeka na kuitunza lina thamani. Mzee aliyerithi shamba kwa baba yake Handeni, asiye na hati wala ramani, analindwa na hukumu hiyo hadi leo.

Ulinzi huo unahitajika. Tangu Juni 2022, kijiji cha Msomera, wilayani Handeni, kimekuwa kikipokea familia kutoka Hifadhi ya Ngorongoro. Serikali imesema kuhama ni kwa hiari, na imewapa wanaofika nyumba, ekari 2.5 za makazi na ekari 5 za kilimo. Wapo pia wenyeji wa Msomera waliolalamika kwamba ardhi waliyoitumia kwa miaka imegawiwa wengine. Mgeni ana haki yake, maana ibara ya 17 inamruhusu raia kuishi popote nchini. Mwenyeji ana haki yake chini ya ibara ya 24. Wote wawili ni raia, na ugomvi wao hauwezi kumalizwa kwa haki kwa kutazama nani amefika na barua ya serikali. Unamalizwa kwa kuuliza kama utaratibu ulifuatwa, na kama mkutano mkuu wa kijiji, ambamo kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi ana sauti, ulishirikishwa kabla ardhi haijagawiwa.

Na hapa ndipo naona ufa. Mamlaka ya mkutano mkuu wa kijiji juu ya ardhi yako kwenye sheria za kawaida. Hata kanuni kwamba ardhi yote ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi, imeandikwa katika sheria za ardhi za mwaka 1999. Sheria ya kawaida hupita kwa wingi wa kura za wabunge waliomo ukumbini. Katiba, kwa ibara ya 98, haiguswi bila theluthi mbili ya wabunge wote. Sheria ya 1992 iliyowalenga akina Lohay ilipita Bungeni bila shida; kilichoizuia ni maneno machache ya Katiba.

Jambo hili lilionwa mapema. Tume ya Rais ya kuchunguza masuala ya ardhi, iliyoongozwa na Profesa Issa Shivji kati ya 1991 na 1992, ilipendekeza misingi ya umiliki wa ardhi iwekwe kwenye Katiba, na ardhi ya vijiji iwe mikononi mwa mikutano mikuu ya vijiji badala ya serikali kuu. Pendekezo hilo halikukubaliwa.

Nafasi ya pili ilikuja na mchakato wa Katiba mpya. Mwaka 2013 kila kata ya Tanzania Bara, zikiwemo za Handeni na Korogwe, ilipeleka wajumbe kwenye mabaraza ya Katiba kuijadili rasimu ya kwanza ya Tume ya Jaji Joseph Warioba. Mwaka uliofuata Bunge Maalum likakaa Dodoma, likagawanyika juu ya muundo wa Muungano, na kundi la vyama vya upinzani lililoitwa UKAWA likatoka nje. Katiba Inayopendekezwa ilipitishwa Oktoba 2014 ikiwa na sehemu yake ya ardhi, maliasili na mazingira. Kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 iliahirishwa, na hadi uchaguzi mkuu wa 2025 ilikuwa haijapigwa. Mjadala wa serikali mbili au tatu ulimeza kila kitu, na ardhi, ambayo ndiyo maisha ya watu wengi waliokuwa wakijadiliwa, ikakaa nyuma ya foleni.

Wapo watakaosema kwamba theluthi mbili si ukuta mrefu, maana Katiba hii imekwisha kurekebishwa mara 14 kufikia mwaka 2005. Ni kweli, na ndiyo sababu baadhi ya misingi inahitaji kufuli la pili. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ina sura nzima ya ardhi na mazingira, na haki zake za msingi, ikiwemo ya mali, haziwezi kubadilishwa bila kura ya maoni. Ardhi si jambo la Muungano, kwa hiyo Tanzania Bara inaweza kujiwekea ulinzi kama huo bila kuigusa Zanzibar.

Mchakato utakapofufuka, swali la kwanza la wakulima na wafugaji wa Handeni na Korogwe liwe hili: je, Katiba mpya inatamka kwamba ardhi ya kijiji haitolewi bila uamuzi wa mkutano mkuu wa kijiji? Kama haitamki, wana haki ya kuipigia kura ya hapana. Kabla ya siku hiyo, mkutano wa kijiji unaotakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu utenge saa moja. Baada ya kusomewa mapato na matumizi, wakazi wasomewe pia ibara ya 24, ya 138 na ya 146. Mthamini atakapokuja tena, awakute watu wanaojua wanadai nini na kwa ibara gani.