Wasikilizaji wa Redio Huhesabiwaje?

Mkulima wa Rungwe afunguapo redio yake jioni, kituo kinachotangaza hakipati habari zake. Gazeti huhesabiwa kwa nakala zilizouzwa. Mawimbi ya redio hayarudi kueleza yamepokewa na nani. Kwa hiyo idadi ya wasikilizaji haihesabiwi, bali hukadiriwa kwa kuchunguza watu wachache, yaani sampuli.

Njia kuu ni tatu. Ya kwanza ni mahojiano: mtu huulizwa jana alisikiliza nini. Kasoro yake ni kwamba watu husahau, au hutaja kituo mashuhuri. Ya pili ni shajara, ambayo msikilizaji huijaza mwenyewe. Haimfai asiyejua kuandika. Ya tatu ni kifaa kinachovaliwa mwilini na kunasa ishara iliyofichwa katika sauti ya kituo. Hicho hunasa hata redio ya dukani isiyosikilizwa kwa makini.

Sampuli nayo ina kanuni zake. Tuseme watu 400 wamechaguliwa kwa bahati nasibu, na asilimia 30 wakasema walisikiliza kipindi fulani. Hesabu huonyesha kwamba kiwango halisi yamkini kimo kati ya asilimia 25 na 35. Lakini uchaguzi ukiwa na upendeleo, wingi wa watu hausaidii. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilikusanya kura za maoni zaidi ya milioni 2, na bado likakosea mshindi wa urais.

Rungwe yaonyesha hatari hiyo waziwazi. Mawimbi ya FM husafiri karibu katika mstari ulionyooka. Kijiji kilichojificha nyuma ya mlima huweza kukosa matangazo yanayosikika vizuri mjini Tukuyu. Anayehoji watu wa sokoni Tukuyu pekee hupima mji, wala si wilaya. Abishaye hodi saa nne asubuhi huwakosa wachumaji wa chai. Aulizaye kwa Kiswahili tu huweza kutoeleweka na mzee aliyezoea Kinyakyusa.

Makosa hayo yana gharama. Kipindi cha afya au kilimo huweza kufutwa kwa kudhaniwa hakina wasikilizaji, kumbe wasikilizaji wake hawakuulizwa. Kwa hiyo kila tarakimu ya wasikilizaji yafaa ipokewe kwa maswali matatu: waliulizwa akina nani, wapi, na saa ngapi?